Virusi Kwenye Maua ya Mama

Mama yangu hakuwahi kununua ua wala kuuza ua maisha yake yote. Maua yaliyojaa pale nyumbani Mpuguso aliyaiba kwa watu, na waliokuwa na maua kama yake waliyaiba kwake. Sisemi kwa ubaya. Kwetu mwanamke akipenda ua la mwenzake haombi, kwa sababu ua la kuombwa, wanasema, halishiki. Anakuja kusalimia tu. Anakaa, anasifia mvua, anasifia migomba, na ua lenyewe halitaji kabisa. Mwenye nyumba akishaona yale macho yanavyozunguka, anasimama na kusema anakwenda kuangalia chai, na huko jikoni anakaa hata kama chai ilishachemka zamani. Akirudi anamkuta mgeni amekaa vilevile, vidole vina udongo na kitenge kimetuna upande mmoja. Wanakunywa chai, wanaagana vizuri.

Mama alikuwa bingwa wa kukaa jikoni. Baba alipofariki tulimzika hapohapo uani kama ilivyo desturi, na mama akalizungushia kaburi yale maua marefu yenye majani kama ya mgomba na kichwa chekundu. Watu wa vitabu huyaita kana. Kilichoyapa maua yake sifa ni majani: yalikuwa na michirizi ya njano kutoka katikati kwenda pembeni, iliyonyooka kama imechorwa kwa rula. Kana za kijani kitupu zilikuwepo kila mahali na hakuna aliyehangaika nazo. Za mama ziliibwa mno. Mjane huyu ambaye watoto wake wote walikuwa mbali alipata wageni wanne, watano kwa wiki, na kila mmoja alimwachia habari za kijiji kizima. Nadhani kama si maua yale angekuwa anaongea na kuku.

Mimi ndiye niliyeharibu. Nafanya kazi kwenye maabara ya magonjwa ya mimea, mkoa mwingine, na nikirudi nyumbani huwa siwezi kukaa kimya kama watu wengine. Miaka michache kabla ya habari hii nilikuwa nimewaletea miche bora ya migomba, ile inayokuzwa ndani ya chupa, nikaigawa hapohapo uani kwa mama kwa akina mama wa kikundi cha kanisa. Nilitoa hotuba. Nilipigwa picha nimeshika mche. Mradi wa miche ulisimika kibao barabarani chenye jina langu kwa herufi kubwa, na kwa muda wa mwezi mzima nilikuwa natafuta sababu za kupita pale.

Basi siku moja nikiwa likizo, kikundi kilekile kilikuja kwa mama. Chai ya kwanza ilishanyweka, mama ameingia jikoni kuleta ya pili, na katibu wa kikundi alikuwa ameshaanza kuangalia upande wa kaburi. Mtu mwenye akili angejifanya anasinzia. Mimi nikanyanyuka, nikachuma jani moja, nikaliinua juani mbele yao.

"Mnaona hii michirizi?" nikasema. "Huu si urembo, huu ni ugonjwa. Ni virusi. Na ni vya ukoo mmoja na virusi vinavyotia michirizi kwenye migomba."

Nilikuwa sijapima chochote. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kana na migomba huugua virusi vya jamii moja, nami nikaona ni vizuri wajue kwamba nimesoma.

Katibu akaweka kikombe chini. "Firusi?" akauliza. Tangu ile miaka ya barakoa neno hilo halijaacha kutisha. Wakakumbuka, mmoja baada ya mwingine, kwamba wana mambo nyumbani. Mama alitoka na birika la pili akakuta vikombe vitupu na viti vitupu.

Bahati mbaya ni kwamba wakati huo migomba kadhaa kijijini ilikuwa kweli imeanza kupata michirizi. Majani yalipauka, yakakauka kwa mistari, na mikungu ikatoka midogo. Watu walikuwa wametafuta mchawi kwa miezi. Kwanza walilaumu mnara wa simu. Halafu mbolea. Halafu jamaa mmoja aliyehamia kutoka bondeni, mpaka migomba yake nayo ikaugua wakamwachia. Sasa nilikuwa nimewapa mhalifu mwenye makazi yanayojulikana. Wakapita nyumba kwa nyumba kukagua, na kila nyumba yenye migomba iliyoathirika ilikuwa na maua ya mama nyuma ya choo au pembeni ya jiko. Ushahidi gani zaidi unatakiwa?

Mwenyekiti wa kijiji alikuja mwenyewe, amevaa koti. Alikataa chai kwa adabu sana.

"Mama, hatuna ubaya na wewe," alisema. "Ila hayo maua yang'olewe. Migomba ndiyo tunakula."

"Tata, yako kaburini kwa mume wangu," mama alimjibu, akimwita baba kwa lugha yetu. "Nipe muda. Huyu mtoto ana mashine huko kazini kwake. Akipima akasema ni ya kwangu, nitang'oa mwenyewe kwa mkono wangu."

Mwenyekiti akakubali asubiri majibu. Nikabeba vipande vya majani ya maua na vya migomba kutoka nyumba nyingi, mpaka kijiji cha Kisiba, zenye migomba migonjwa na zenye mizima, nikavitia kwenye bahasha zenye vichembe vya kukaushia, kila bahasha na nyumba yake. Nilipokuwa naondoka mama alinisindikiza mpaka barabarani. Aliniuliza kitu kimoja tu, itachukua muda gani, maana siku hizi hakuna anayepita.

Nilisema wiki tatu. Ilichukua miezi mitano, na ningependa kulaumu sayansi lakini sayansi yenyewe ilichukua siku nne. Muda uliobaki ulikuwa wa fomu. Fomu ya kwanza ilitaka niandike jina la kisayansi la virusi kabla sijaruhusiwa kutafuta ni virusi gani. Niliandika "havijulikani", ikarudishwa kwa maelezo kwamba nafasi hiyo haipokei jibu hilo. Dawa za kazi ziliagizwa, zikaja, zikakaa bandarini mpaka zikaharibika kwa joto, zikaagizwa nyingine. Zilipofika, umeme ulikatika. Kila mwisho wa wiki nilimpigia mama. Aliniambia mvua imenyesha, kuku ametotoa. Habari za kijiji alikuwa hana tena.

Kusoma jenomu, yaani maandishi yote ya urithi ya kiumbe, si kazi ya kutisha kama inavyosikika. Unasaga jani, unalisafisha mara nyingi mpaka unabaki na tone la maji lisilo na rangi, na ndani ya tone hilo mna urithi wa mmea na wa virusi vyake umechanganyika. Tone unaliingiza kwenye kimashine chenye ukubwa wa simu ya mkononi. Kinasoma vipande vipande, herufi nne tu zinazojirudia, na kompyuta inaunganisha vile vipande kama mtu anavyounganisha barua iliyochanwa. Virusi vya maua ya mama vilikuwa na herufi elfu saba na ushei, zilizojipanga kwa duara. Nikizichapa zote zinaenea kurasa chache tu, pungufu ya zile fomu.

Halafu unaviainisha. Unachukua sehemu ile ambayo virusi hutumia kujinakili, unailinganisha na ya virusi vyote vya jenasi hiyo ambavyo dunia imeshaviandika. Kama vinatofautiana na ndugu yao wa karibu kuliko wote kwa zaidi ya herufi moja katika kila tano, ni spishi mpya. Chini ya hapo ni yuleyule aliyezoeleka, hata kama unampenda. Vya mama vilivuka mstari huo, kwa kidogo, lakini vilivuka.

Mkuu wa maabara alinipa mkono mara tatu. Aliita watu wa ofisi ya jirani waje kuona. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kuona ugonjwa ukileta furaha kiasi kile, mtu angedhani tumepata mtoto. Papo hapo akaanza habari ya jina. Jina la spishi lazima liwe la maneno mawili yenye sura ya Kilatini, la kwanza la jenasi, la pili tunajichagulia, na yeye aliona la pili litokane na Tukuyu, mji wetu. "Mtakuwa kwenye vitabu vya dunia," aliniambia, kana kwamba ni mimi niliyeugua.

Nami nilifurahi, kwa sababu yangu. Virusi vya migomba nilikuwa nimevisoma pia, na vilikuwa spishi nyingine kabisa, ya zamani, inayojulikana. Maua hayakuwa na hatia. Nilitaka kumpigia mama dakika ileile. Kilichonizuia ni mazoea tu ya kazi: kabla ya kutoa majibu nikazipanga bahasha kwa nyumba, nione ugonjwa wa migomba umekaaje.

Ulikuwa umekaa kwenye miche yangu. Kila mgomba mgonjwa ulikuwa ama ni mche wangu wa chupa, ama chipukizi la mche wangu. Migomba ya asili iliyosimama bega kwa bega na maua ya mama ilikuwa mizima. Na kule Kisiba, kwa binamu yake mama, ambako maua yale hayajawahi kufika, migomba iliugua vilevile, maana na yeye nilimgawia miche. Aina ile ya mgomba ina virusi vilivyojificha ndani ya urithi wake wenyewe, vimelala tu, na kuzalishwa kwenye chupa kunaweza kuviamsha. Wataalamu walishaliandika jambo hili kitambo. Mimi nililisoma chuoni, likaja kwenye mtihani, nikalijibu nikafaulu.

Nikumbushe tu kwamba nyumba zilizopata miche ni zile za kikundi cha kanisa, na wezi wa maua ya mama ni walewale wa kikundi cha kanisa. Ndiyo maana ukaguzi wa mwenyekiti ulikuta maua kila penye ugonjwa. Angetafuta kitabu cha nyimbo angekikuta pia.

Mkutano ulifanyika Jumamosi, ofisi ya kijiji. Watu walijaa mpaka madirishani, na mama alikaa benchi la nyuma kabisa, peke yake, pamoja na nafasi ya watu watatu kila upande. Nikawachora ukoo wa virusi ubaoni. Nilieleza kwa dakika ishirini habari ya herufi na ya kutofautiana, nikaona nyuso zimekuwa kama za watu wanaosubiri mvua ipite.

Katibu wa kikundi akanyoosha mkono. "Mtaalamu, hao firusi wa maua na hao wa migomba, wanaweza kuoana?"

Watu wakacheka. Mimi nikafikiri kidogo, nikaona swali ni zuri kuliko maelezo yangu. Kwetu vijana wakitaka kuoana, kwanza wazee wanakaa kuhesabu: babu wa huyu na bibi wa yule walitoka nyumba ipi, na kutoka pale wamefika vizazi vingapi. Kuna mstari. Ndani ya mstari ni ndugu, nje ya mstari ni watu baki, hata kama wamefanana pua.

"Kwa hesabu yetu wamevuka mstari," nikasema.

"Basi si ndugu," akasema katibu, akakaa. Watu wakaitikia kwa kushukuru, ndaga, ndaga. Chuo kilinichukua muhula mzima kunielewesha hilo.

Nikafanya kosa la kutaja jina. Mwenyekiti akasimama akasema virusi visipewe jina la Tukuyu kwa namna yoyote, wageni wanaokuja kutembea watatuelewaje. Mwingine akapendekeza viitwe jina la wilaya ya jirani. Mwingine akasema viitwe kwa jina la mnara wa simu, maana yeye hajaridhika bado. Nusu saa ikapita kwenye jina. Nilimtazama mama, nikamwona ametulia, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri aitwe hospitalini.

"Sasa mtaalamu," mwenyekiti akanirudia, "ya maua tumeelewa. Hawa wa migomba je? Wao wametoka wapi?"

Karatasi ilikuwa ndani ya faili langu, ya tatu kutoka juu. Kupitia dirishani, katikati ya vichwa vya watu, nilikiona kibao chenye jina langu. Wale waliokaa mbele ndio waliopiga makofi siku ya miche.

"Utafiti bado unaendelea," nikasema.

Ni sentensi yenye heshima zake. Nimeisikia ikisemwa na wakubwa, na haijawahi kumwangusha mtu. Watu wakatikisa vichwa kwa adabu. Mwenyekiti akaandika kitu, akakisoma, kisha akainua macho.

"Kwa hiyo hujui walikotoka," akasema. "Kama hujui walikotoka, utasemaje hawakutoka kwenye maua?"

Mantiki yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, na nilijua pale pale kwamba ninachotakiwa kufanya ni kufungua faili. Nikakaa chini. Mkutano ukafungwa kwa sala, mama akatoka wa kwanza.

Jumatatu asubuhi nilikwenda Tukuyu mjini kutafuta mtandao, nimtumie mkuu wa maabara taarifa. Alinijibu papo hapo kwamba kila kitu kiko safi, inatakiwa tu picha moja nzuri ya mmea ukiwa hai. Niliporudi alasiri nikakuta kaburi la baba liko wazi pande zote, udongo mwekundu umefukuliwa, na mama ameinama bombani anaosha jembe. Maua yalikuwa yamelundikwa karibu na banda la kuku, mizizi juu. Siku mbili tatu zilizofuata, nyumba nyingine nazo zikang'oa, kwa kuwa mwenyewe ameng'oa.

Nikamwambia palepale bombani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, miche, chupa, bahasha za Kisiba, karatasi ya tatu kutoka juu. Alinisikiliza huku anaendelea kukwangua udongo kwenye jembe kwa kijiti.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, mama?"

"Michirizi ilianzia mstari wa miche yako, kule juu. Maua yako huku chini. Mimi ndiye ninayepalilia hapa, nisingeona?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, kwa nini ameng'oa.

"Walikuwa wanauliza kila siku ugonjwa umetoka wapi, umetoka wapi," akasema. "Leo nimeng'oa, hakuna aliyeuliza. Wewe unaishi kwa jina lako, mwanangu. Na baba yako maua yenyewe alikuwa hayapendi, alitaka pale pawe mahindi." Akasimamisha jembe ukutani, akaingia ndani kubadili nguo.

Nimeona aibu mara nyingi maishani, nyingi za kazini, zinapita. Hii haijapita.

Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, niliomba nafasi. Nikaenda mbele na faili. Nikasema, bila kuzunguka, kwamba ugonjwa wa migomba niliuleta mimi kwa miche yangu, kwamba niliujua siku ile ya mkutano nikanyamaza kwa kuogopa, na kwamba maua ya mama yameng'olewa bure. Nikainua karatasi. Nilisema yeyote anayetaka kuiona aje, nitamwonyesha nyumba kwa nyumba.

Nikasikia mtu anajifuta pua. Katibu wa kikundi alikuwa analia. Mwenyekiti, aliyekaa kiti cha mbele, akasimama akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umelelewa," akasema kwa sauti ya kutosheleza kanisa zima. "Watoto wa siku hizi ni wangapi wanaoweza kubeba kosa la mzazi namna hii?"

Nikasema hapana, mwenyekiti, si kubeba, ni langu. Akanipigapiga begani. "Tumekuelewa, mwanangu, tumekuelewa." Watu wakapiga makofi, mengi kuliko ya siku ya miche. Ibada ilipokwisha wakanipangia foleni mlangoni kunipa mkono, na wengine wakaniambia wamemsamehe mama yangu kwa ajili yangu. Karatasi hakuna aliyeiomba. Nilipomaliza foleni nikageuka kumtafuta mama. Alikuwa ameshatangulia nyumbani.